UPATU WA KWELI NA UPATU WA UONGO
Habari ya fedha za "kulala na kuamka zimezaa"



Kitabu cha miaka kumi hujaa picha za sare, hesabu za mgao na majina ya viongozi. Hayo yote yamo katika kurasa nyingine. Ukurasa huu tumeutenga kwa jambo ambalo limepita katika nyumba nyingi hapa Kibuta, na watu hulisema kwa sauti ya chini. Ni habari ya wale waliokuja kutuambia, "Leta fedha, kaa, sisi tutakufanyia kazi." Tunaiandika ili mabinti zetu watakaorithi sanduku hili wajue tulipita wapi.

UPATU WA BIBI ZETU

Akina mama wa pwani wamecheza upatu tangu zamani. Kumi wanakubaliana, kila wiki kila mmoja anatoa, tuseme, shilingi 5,000. Zinapatikana 50,000, anachukua mmoja. Wiki ijayo zamu ya mwingine. Mzunguko ukiisha kila mtu ametoa 50,000 na amepata 50,000. Faida ya fedha hakuna hata senti. Kilichopo ni kwamba umezipata kwa mkupuo, ukanunua bati au ukalipa ada, wakati zingekaa kwenye kanga zingeishia kwenye sukari na mafuta ya taa. Na ulinzi wake ni kujuana. Mwenzio unamjua, nyumba yake unaijua, shamba lake la mihogo unalijua, na mama mkwe wake pia.

Vikundi kama chetu ni hatua moja mbele ya hapo. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na akina mama wa Niger, huko Afrika Magharibi. Waliweka akiba wenyewe, wakakopeshana wenyewe, na riba ikabaki kwao. Mtindo huo ulienea Afrika, ukafika Tanzania, na sisi tukaujua kwa jina la VICOBA. Hapa faida ipo, lakini kila mtu anaiona inakotoka. Mama amekopa, amenunua mihogo au mananasi, amepeleka Dar es Salaam, ameuza, amerudisha na riba kidogo. Riba ile ndiyo inayogawanywa mwisho wa mwaka. Ina jasho la mtu, na mtu mwenyewe tunamjua.

MBEGU ZA DECI

Wengi wetu tunaikumbuka DECI. Ilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2009, makao yake Mabibo, Dar es Salaam, na matawi yake yakasambaa mikoani. Maneno yake yalikuwa matamu kwa mkulima. Ukitoa fedha, eti "umepanda mbegu", ukilipwa, "umevuna". Na mavuno yalizidi mbegu mara mbili na zaidi. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji, kwa hiyo watu walipanga foleni kwa imani. Waliotangulia walivuna kweli, wakarudi mitaani na ushahidi mkononi. Huo ndio ulikuwa mtego, maana shahidi wa kweli alikuwa anatangaza jambo la uongo bila kujua.

Hivi jamani, mbegu zile zilipandwa shamba gani? Hapakuwa na shamba. Fedha ya aliyeingia leo ndiyo iliyomlipa aliyeingia juzi. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli hiyo, akaunti zikazuiwa, na viongozi wakafikishwa katika Mahakama ya Kisutu kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana za watu bila leseni. Mwaka 2013 baadhi yao walitiwa hatiani, wakapewa adhabu ya faini au kifungo. Lakini hukumu ya mshtakiwa haimrudishii mama fedha yake siku ile ile. Kuna watu waliouza ng'ombe na viwanja, wakabaki na stakabadhi.

Angalieni pia jinsi neno lilivyoharibika. Sheria na magazeti yaliita wizi ule "upatu", neno lile lile la bibi zetu. Ndiyo maana hata leo mama mwaminifu akitaja upatu, kijana anacheka.

KUKU WASIOKUFA

Baada ya miaka kumi hivi mbegu zikawa kuku. Kampuni ya Mr Kuku Farmers ya Kigamboni iliwaambia watu watoe fedha, kuku watafugwa na kampuni, wao wasubiri faida: asilimia 70 kwa miezi 4, au asilimia 90 kwa miezi 6. Mashtaka yaliyosomwa Kisutu mwaka 2020 yalisema zilikusanywa kiasi cha shilingi bilioni 17. Mwenye kampuni alitiwa hatiani kwa kuendesha upatu, akatozwa faini, na zaidi ya shilingi bilioni 5 zikataifishwa.

Tufanye hesabu kidogo. Asilimia 70 kwa miezi 4, ukiizungusha mara tatu kwa mwaka, shilingi 100,000 inakuwa 491,300. Nani kati yetu amefuga kuku akaona hayo? Mwanamke wa Kibuta anaujua mdondo. Unalala una kuku thelathini, unaamka unachimba shimo. Anajua bei ya chakula, anamjua mwewe, anamjua kicheche. Mjini mtu anaweza kudanganywa kuhusu kuku kwa sababu hajawahi kuwafuga. Sisi tuliwafuga, na bado wapo waliotaka kuamini. Shida ikizidi mtu huacha kuuliza anachokijua.

Wala si ujinga wa Mwafrika, kama wengine wanavyopenda kusema. Mwaka 1920 huko Boston, Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu asilimia 50 kwa siku 45, eti kwa biashara ya kuponi za posta. Maelfu walimpelekea fedha, na mwezi Agosti mwaka huo huo yote yakaanguka.

Kuanguka ni lazima, hata mwenye mradi awe na roho nzuri. Kama kila mtu anatakiwa alete watu 5, hatua ya kwanza ni 5, ya pili 25, ya tatu 125. Hatua ya 11 wanatakiwa watu zaidi ya milioni 48, na hatua ya 12 ni zaidi ya milioni 244. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania kama milioni 61.7, pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo watakaobaki mikono mitupu ndio wengi, na huwa ni wale wa mwisho kusikia habari, yaani sisi wa vijijini.

ILIPOBISHA HODI KWETU

Katika mwaka wa nne wa kikundi chetu, wakala wa mradi mwingine, ambao hatutautaja jina, alipita huku kwetu. Alitaka sanduku zima liingie. Kikao kilibishana mpaka jua likazama. Mweka Hazina wetu aliuliza swali moja tu: "Faida hiyo inatoka mfukoni kwa nani?" Wakala akajibu kwamba hiyo ni siri ya kampuni. Hapo sanduku likafungwa kwa kufuli zote tatu.

Lakini watano walikuwa wamekwisha kukopa kikundini, wakaandikisha biashara ya maandazi na mkaa, kumbe fedha zimekwenda kule. Miezi miwili walipata kidogo. Wa tatu simu ya wakala ikawa haipatikani.

Kazi ngumu ilikuwa kikao kilichofuata. Wapo waliosema watano wale wafukuzwe, maana wamesema uongo. Wapo waliosema wasamehewe deni, maana wamelia vya kutosha. Mama mmoja mzee akasema, "Fedha ile ni hisa ya mjane aliyekaa pale. Ukisamehe, umemwibia yeye." Ikaamuliwa deni libaki, faini iondolewe, na kila mmoja alipe kidogo kidogo kila wiki; na asifukuzwe mtu. Wanne walilipa mpaka shilingi ya mwisho, na wamo humu kwenye picha. Wa tano alilipa deni lote, lakini aibu ilimshinda, hakurudi tena. Nafasi yake katika daftari hatujaijaza. Dada yetu, ukiusoma ukurasa huu, kiti chako kipo.

TULICHOKIANDIKA KATIKA KATIBA

Tangu siku ile katiba yetu ina kifungu kinachosema kwamba hakuna mradi utakaojadiliwa kabla mleta hoja hajaeleza faida inatoka kwa nani, kwa kazi gani, na ni nani aliyeiona kazi hiyo kwa macho. Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama vyetu katika daraja la nne, vinavyoandikishwa na kuhudumia wanachama wake. Anayepokea amana za umma bila leseni anavunja sheria, hata akija na Biblia, msahafu au fulana ya kampuni.

Mgao wetu ni mdogo. Hakuna aliyejenga ghorofa kwa ajili yake. Lakini kila shilingi iliyomo tunaweza kuitaja jina la mama aliyeihangaikia, na sokoni gani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu tunakiona kikijaa.