Kuumba, Kuumbua, Kufumbua

Neno wasifu lina sifa tumboni, na hapo ndipo mhakiki wa vitabu vya maisha ya watu anapoanza kupata taabu. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kueleza kitu kilivyo, kizuri au kibaya. Kiswahili kiliupokea kikaugawa: sifa ikabaki na maana ya hali ya kitu, ikapata na maana ya pongezi, na kusifu kukawa kupongeza moja kwa moja. Leo ukitamka wasifu, nusu ya sikio la msikilizaji inangoja makofi. Ofisini ndiyo kabisa: wasifu ni ile karatasi ya kuombea kazi, na sijaona mtu aliyeorodhesha humo uvivu wake.

Sasa chukua vitabu vilivyoandikwa juu ya Katharine Hepburn, nyota wa Hollywood ya zamani, mshindi wa Oscar nne za mwigizaji bora wa kike. Ni vingi na vinapingana. Vyote tuviite wasifu?

Namchagua yeye kwa sababu ana ujirani nasi. The African Queen, filamu yake ya mwaka 1951 na Humphrey Bogart, ilipigwa Kongo kwenye mto Ruiki, kisha Uganda. Hadithi yenyewe inatokea mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Gisenyi hii yetu ya Rwanda ilikuwa kituo cha koloni hilo. Wajerumani waliiandika Kissenji. Meli ya vita ya kwenye filamu ina kivuli cha Graf von Goetzen ya Ziwa Tanganyika, ile iliyozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa, ikaitwa Liemba. Na Götzen, Mjerumani ambaye meli ilipewa jina lake, ndiye aliyefika Ziwa Kivu mwaka 1894. Basi tuna haki ya kusema neno.

Nyota. Kwa Mswahili nyota ni ya kuzaliwa nayo. Mtu ana nyota, nyota yake imefifia, mganga atamsafishia. Hollywood haikuamini hivyo. Kampuni kama MGM ilijigamba kuwa na nyota kuliko mbingu, maana iliwatengeneza yenyewe: mavazi, nywele, habari za magazetini, hata mchumba. Ndiyo maana mwaka 1938, wenye majumba ya sinema walipomtia Hepburn kwenye orodha ya walioitwa sumu ya mauzo, hawakuwa na maana ya gundu wala nuksi. Gundu humpata mwenyewe akaonewa huruma. Sumu huua wengine, hutupwa. Mfasiri atakayeandika kwamba Hepburn aliingiwa na mkosi atakuwa amemhamishia mwanamke huyo kwa mganga, ilhali kesi yake ilikuwa ya kibiashara, na dawa yake pia: alijinunua kutoka kwenye mkataba wake, akarudi na filamu ya The Philadelphia Story.

Kwa nyota, Kinyarwanda kina icyamamare, kutoka kwamamara, kuenea. Vijana wa Rubavu, wilaya yetu, husema umusitari, lakini neno la wazee limeona mbali zaidi: umaarufu hauko ndani ya mtu, uko katika kule kuenea kwa jina lake. Kiswahili hakikosi cha kujibu. Jina la mtu huvuma, na kutoka kuvuma huko huko tumepata uvumi. Ningependa siku moja nisome mvumaji mahali pa nyota. Anayeandika maisha ya mvumaji atakuwa ameonywa tangu ukurasa wa jalada kwamba uvumi umo.

Mwigizaji na mchezaji nawapita haraka. Mwigizaji anaiga, mchezaji anacheza, na Kinyarwanda kimewaweka mchezaji wa mpira na wa filamu katika umukinnyi mmoja bila aibu. Nashika mwigizaji kwa kuwa limekwisha kukaa.

Kwa kitabu ambacho mtu amejiandikia, kamusi inatupa tawasifu. Neno la vitabuni, limeundwa kwa kulitia wasifu silabi moja mbele, na silabi hiyo haimwambii msomaji wa kawaida kwamba mwandishi na mwandikwa ni mtu mmoja. Huku Rwanda tuna icyivugo, kutoka kwivuga, kujisema. Ng'ambo ya mto Akagera Wahaya nao hujivuga, na wanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili wanalijua neno kivugo, majigambo ya shujaa. Anayesikiliza kivugo hamdai shujaa ushahidi wa kila adui aliyemwangusha. Anasikiliza sauti, mapigo, na kile kinachorukwa.

Mwaka 1987 Hepburn alitoa kitabu kizima juu ya utengenezaji wa The African Queen. Humo anaugua tumbo kwa maji huku Bogart na mwongozaji John Huston, wanywaji wa wiski, wakiwa wazima. Mwaka 1991 akaja na kingine, jina lake neno moja tu, Me, yaani Mimi. Ukivihukumu kama wasifu vitafeli: vinaruka miaka, vinakaa sana vinapotaka kukaa. Ukivihukumu kama vivugo ni vya daraja la kwanza. Neno la mhakiki linategemea jina tunalokipa kitabu. Tukikosea la pili, la kwanza linageuka uonevu.

Kuna aina nyingine. Hepburn alifariki tarehe 29 Juni 2003 akiwa na miaka 96, na kabla wiki mbili hazijatimia Kate Remembered ya A. Scott Berg, rafiki yake wa miaka ishirini, ilikuwa madukani. Hiyo si wasifu, ni taazia. Magazeti yetu yanajua adabu ya taazia: marehemu bado yu karibu, hasemwi vibaya, na anayeandika ana ruhusa ya kujitia katika habari kwa kuwa naye amefiwa. Waliomlaumu Berg kwamba amejiweka mno mbele walikuwa wakidai wasifu kwenye matanga.

Upande wa pili wa barabara wako wapekuzi. Kupekua ni kazi ya kuku mchangani, na mdaku naye hupekua, lakini mpekuzi si lazima awe mdaku. Mdaku anapeleka habari, mpekuzi anaitafuta. Barbara Leaming, katika kitabu chake cha mwaka 1995, alizama kwenye vifo vya kujiua katika ukoo wa Hepburn, akadai pia penzi kubwa kati yake na mwongozaji John Ford, dai ambalo wengine walilipinga. Naliita la kwanza upekuzi. La pili lina harufu ya udaku, ingawa limevaa suti.

Hapa ndipo Kiswahili kinaponifurahisha kuliko popote. Kuumba ni kufanya kitu kiwepo na sura yake. Ukikigeuza kitenzi hicho unapata kuumbua, yaani kumwondolea mtu sura mbele za watu. Kampuni ya filamu huumba, mwandishi mkorofi huumbua. Ongeza herufi moja tu, f, upate kufumbua: kufungua jicho, kutegua fumbo. Vitabu vyote vya maisha ya nyota vinaweza kupimwa hapo. William J. Mann, katika Kate ya mwaka 2006, anaonyesha kwamba ile sura tuliyoizoea, mwanamke wa suruali asiyejali neno la mtu, ilikuwa kazi ya mikono ya Hepburn mwenyewe, iliyotengenezwa kwa miaka. Walioipenda sura hiyo wakasema ameumbuliwa. Mimi naona amefumbuliwa, kwa kuwa baada ya kitabu hicho nilimstahi zaidi kama fundi.

Kipimo kikali zaidi ni siku ya kuzaliwa. Miaka na miaka Hepburn alisema amezaliwa tarehe 8 Novemba. Ukweli ni tarehe 12 Mei 1907. Novemba ilikuwa ya Tom, kaka yake, aliyejinyonga mwaka 1921 na ambaye yeye ndiye aliyemkuta. Uongo? Udanganyifu? Kiswahili kina kusitiri, na sitara si uongo, ni nguo. Mwandishi anayeandika "alidanganya umri wake" ana tarehe sahihi na neno baya. Na aliyeivua sitara hiyo ni Hepburn mwenyewe, kwenye Me. Kivugo kikafumbua ambacho wapekuzi wengi walikuwa wamekipita.

Tulikwisha kuwa na mfano wetu, na ulikuwa wa mvumaji pia. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958, alilichukua neno wasifu kwa uzito wake wote wa sifa, na hakuficha kwamba anasifu. Siti, mwimbaji wa taarabu, alikuwa amedharauliwa kwa asili na sura yake. Kumsifu kulikuwa kumrudishia haki. Kitabu kile kinastahili jina lake. (Siti alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja. Sikulipanga hilo.)

Basi wasifu libaki la namna hiyo. Kwa kitabu kinachochunguza, kinachopima mashahidi na kukubali kwamba mtu ana pande, napendekeza tarjuma ya maisha. Waandishi wa Kiarabu wa kale waliita habari za maisha ya mtu tarjama, neno lile lile la kutafsiri. Kwa Kiswahili tulichukua nusu ya tafsiri tukaiacha ya maisha, na sioni kinachotuzuia kuirudia. Nusu hizo zinafundishana. Mabandani kwetu filamu huonyeshwa kwa agasobanuye: umusobanuzi anazungumza Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji, anaeleza, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani. Namcheka na kumpenda, ila sauti ya mwigizaji imezama. Tarjuma nzuri huacha sauti ya chini isikike, na kwa kigezo hicho Leaming anazungumza juu ya Hepburn mara nyingi mno.

Neno uhakiki tusiliguse. Ofisi huhakiki vyeti, mwalimu huhakiki riwaya, na wengi huona hayo ni maneno mawili yaliyofanana. Kwa riwaya, sawa. Kwa tarjuma ya maisha mhakiki anafanya yote mawili: asome mtindo kama mwalimu, akague tarehe kama afisa wa mpakani Petite Barrière anayegeuza kitambulisho cha mvukaji wa Goma. Hepburn wa tarehe 8 Novemba angerudishwa.

Limebaki jina la yule anayeandikwa. Mhusika limezoea hadithi za kubuni. Msifiwa linaturudisha tulikotoka. Mwandikwa ni sahihi kisarufi na baridi mdomoni. Mimi kwa sasa natumia mwenyewe, kama tusemavyo uani: mwenyewe hayupo, mwenyewe hakupenda. Anayepinga alete lake. Mtajwa nililijaribu, likamfanya Hepburn aonekane mshitakiwa.