Hema Katika Kisiwa cha Wenyewe

Sisi tuliokulia Shinyanga hatukulijua neno kambi kuwa neno la starehe. Kambi ilikuwa mahali anapokaa mtu asiye na namna nyingine. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Nyarugusu, Geita, walikaa kambini wakiwa wamewaacha wake na watoto nyumbani. Wavuvi walipiga kambi visiwani wakifuata dagaa na sangara. Vijana walikwenda kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, wakarudi wamekonda na vichwa vimejaa nyimbo. Na mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, jina la Benaco, kambi yao pale Ngara, lilitajwa redioni asubuhi na jioni.

Kwa hiyo wenzangu waliponiambia kwamba familia sita, tatu za Shinyanga na tatu za Geita, zinakusudia kwenda kisiwa cha Rubondo mwisho wa juma, kulala katika mahema na kupiga makasia kwa furaha tu, nilicheka. Mke wangu hakucheka. Yeye ni Mzinza, mtu wa ziwani. "Ziwa si lambo," aliniambia. Hakuhitaji kueleza zaidi. Watu wa kanda yetu wanaikumbuka MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuondoka na mamia ya watu. Wanaikumbuka pia MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ambako zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Hatimaye alikubali kwa sharti moja: baba yake aende pamoja nasi.

Sharti hilo lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Nilifahamu kwamba baba mkwe wangu alikuwa mvuvi kwa miaka mingi katika pwani ya Chato. Sikufahamu kwamba alizaliwa Rubondo.

Kabla ya safari nilirudi kwenye vitabu, maana ni tabia ya mwalimu mstaafu kutaka kusoma hata kile anachokwenda kukiona kwa macho. Nikagundua kwamba kicheko changu kilikuwa cha mtu asiyejua. Kambi na makasia vimepita katika nchi yetu tangu zamani. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walipiga kambi kila jioni kati ya bara na pwani, wakajenga maboma ya miiba, wakapika kwa makundi na kusimuliana hadithi. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo akiwa na mashua iliyokatwa vipande, ikabebwa mabegani mwa watu mpaka pwani ya Usukuma. Mashua hiyo iliitwa Lady Alice. Walifika ziwani Februari 1875, wakapiga kambi Kageyi, wakaunga vipande, na mwezi uliofuata Stanley akaanza kulizunguka ziwa kwa makasia na tanga. Ilimchukua siku 57. Aliporudi alimkuta mwenzake mmoja Mwingereza, Frederick Barker, amekwisha kufa kwa homa pale kambini. Na alipotaka kuhamisha msafara wake wote kwenda Buganda, mashua yake haikutosha. Alimwendea Mtemi Lukonge wa Ukerewe, akapewa mitumbwi.

Jambo hilo la mwisho huwa linapitwa haraka katika masimulizi. Vitabu vinataja mashua iliyotoka Ulaya, lakini msafara ulivuka katika mitumbwi ya wenyeji. Mitumbwi hiyo haikuwa magogo yaliyochongwa tu. Mafundi wa ziwa hili, Ukerewe, Sese na kwingineko, walishona mbao kwa kamba za mimea na kuziba mishono, wakapata vyombo virefu vya kubeba watu wengi.

Nilijifunza pia kwamba mchezo wa makasia, kama wanavyoucheza Wazungu, hauna umri mkubwa. Kayaki ilibuniwa na Wainuiti wa nchi za barafu, walioiunda kwa kiunzi na ngozi ili kuwinda sili. Mwaka 1865 Mskoti mmoja, John MacGregor, alijiundia mtumbwi mdogo kwa kuiga chombo hicho, akauita Rob Roy, akatembea nao katika mito ya Ulaya, na kitabu alichoandika kikawafanya wengi watake kufanya kama yeye. Kambi nayo ikawa mchezo kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1907 Baden-Powell, mwanajeshi, aliwapeleka vijana kisiwa cha Brownsea huko Uingereza wakalale katika mahema, na uskauti ukaanzia hapo. Yeye mwenyewe amezikwa Nyeri, Kenya, tangu 1941. Basi hata kwao mambo haya yalianza kama kazi, uwindaji na vita, ndipo watu waliopata nafasi wakayageuza kuwa mapumziko. Tofauti ni nani amepata nafasi, na lini.

Tuliondoka Shinyanga Ijumaa alfajiri, tukapitia Mwanza. Pale Kigongo, ambapo zamani ungeweza kupoteza nusu siku ukisubiri kivuko, tulipita juu ya daraja la kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025, na watoto wakahesabu nguzo mpaka wakachoka. Geita tukaungana na wenzetu. Alasiri tulikuwa Kasenda, wilaya ya Chato, na boti ikatuvusha hadi kisiwani kwa muda mfupi kuliko nilivyodhani. Baba mkwe alikaa mbele, kofia mkononi, hakusema neno mpaka tuliposhuka.

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, yenye kilomita za mraba 456, maji na visiwa vidogo vyake vikiwemo. Kabla ya hapo lilikuwa pori la akiba, tangu 1965. Lilipofanywa hivyo, wavuvi na wakulima wa Kizinza waliokuwa wakiishi humo walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Kisha wakaletwa wanyama. Kati ya 1966 na 1969 sokwe wapatao 17 walioletwa kutoka Ulaya, ambako walikuwa wakifugwa, waliachiwa huru katika msitu wa kisiwa, kwa mpango wa Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Tembo, twiga na mbega nao waliletwa. Nzohe, kiboko na mamba walikuwapo tangu mwanzo. Sokwe wale wamezaana, na vizazi vyao havijui zizi ni nini.

Usiku wa kwanza watoto hawakulala. Tulikula sato wa kuchoma na ugali, kisha matobolwa na karanga tulizotoka nazo nyumbani. Tulipotulia tulisikia viboko wakilisha majani mita chache kutoka kwenye mahema. Askari wa hifadhi alikuwa ametuonya tusitoke bila yeye, na hakuna aliyehitaji kuonywa mara ya pili.

Jumamosi asubuhi zikatolewa kayaki tatu, mojawapo ya watu wawili. Kwa ambaye hajaiona, ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, mwepesi, na kasia lake lina bapa pande zote mbili. Kila mtu alivaa jaketi la kujiokolea. Sheria ilikuwa moja: tusitoke nje ya ghuba, na boti ya askari ikae karibu kwa ajili ya mamba na viboko. Baba mkwe aliitazama kayaki kama mtu anayetazama punda aliyepakwa rangi. Akaigonga kwa kidole. Kisha akawaita watoto, akawaonyesha namna ya kushika kasia, akisema kwamba anayevuta kwa mikono huchoka kabla ya kufika, mwenye akili huvuta kwa mgongo na kiuno. Akaongeza, "Maji ya asubuhi ni ya mgeni. Ya mchana ni ya mwenyewe."

Hapo ndipo linapoingia kosa langu, nami naliandika kwa sababu wanangu wanalijua. Baada ya chakula cha mchana nilichukua kayaki ya watu wawili pamoja na binti yangu wa miaka 12. Ghuba ilikuwa shwari kama sahani. Nikajiona fundi. Mwishoni mwa ghuba kuna mawe, na nyuma ya mawe ziwa lilikuwa likimeta. Nikasema tuchungulie tu. Askari aliita, nilimsikia, nikajifanya sikusikia.

Tulipovuka mawe, upepo ulitupiga ubavuni. Mbele ya chombo iligeuka kana kwamba kuna mkono umeishika. Wimbi la kwanza likaingia mapajani. Nilivuta kwa nguvu, na kadiri nilivyovuta ndivyo tulivyozidi kuzunguka, maana mimi nilikuwa navuta kulia na mtoto kushoto. Sikuona mamba wala kiboko. Niliona mgongo mdogo wa binti yangu mbele yangu, na jaketi lake la rangi ya chungwa. Kwa mbali, juu ya mchanga, baba mkwe alisimama akapiga ishara kwa mkono: elekezeni uso kwenye upepo. Binti yangu ndiye aliyeielewa. "Baba, tuvute pamoja," alisema, akaanza kuhesabu kwa sauti. Tukavuta pamoja. Tukaelekeza uso kwenye upepo, tukatulia, tukarudi taratibu nyuma ya mawe, ndipo boti ikatufikia. Askari alinisema mbele ya mtoto, na nilistahili.

Mke wangu hakunisema. Jioni nzima alinipakulia chakula bila kuniangalia. Mtu wa ndoa ya miaka 20 anajua uzito wa kimya hicho.

Usiku huo, motoni, watoto walimtaka babu yao awasimulie. Nilidhani atasimulia kosa langu. Badala yake akasema kwamba alikuwa mtoto mdogo walipoondoka Rubondo, na kwamba anachokumbuka ni mama yake akiwa amekaa katikati ya mtumbwi na chungu mapajani, akikataa kukiweka chini njia nzima. Kwao walikuwa na migomba. Baba yake alikuwa akivua katika ghuba kama hii. Halafu akacheka kidogo: "Sisi tulitoka, sokwe wakaingia."

Kwa adabu ya ukwe sikuthubutu kumuuliza kama bado inamuuma. Binti yangu, asiye na mipaka hiyo, akamuuliza. Mzee alichochea moto kwanza. "Tungebaki, pengine msitu huu ungekuwa mkaa," alisema. "Lakini kaburi la bibi yangu nalo limo humu."

Nililala nikiwaza kwetu Shinyanga. Sisi pia tuliwahi kukata miti mpaka nchi ikabaki vumbi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na njia iliyofaa zaidi haikutoka mbali. Ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho wakati wa mvua ili kifunguliwe wakati wa kiangazi. Kutoka hekta mia chache mwaka ule, ngitili zilipanda mpaka kuzidi hekta 250,000 katika muda wa kama miaka 15. Nchi ilifungwa, lakini mwenye nchi alibaki kando ya uzio, makaburi yake yakiwa mahali pake. Sisemi kwamba Rubondo ingeweza kutunzwa hivyo. Samaki wanazaliana katika maji yake salama, na wavuvi wa nje wanafaidika. Nasema tu kwamba kimya kile tulichokwenda kukifurahia kililipiwa, na waliolipa hawakuwa sisi.

Jumapili asubuhi askari alitutembeza msituni. Baba mkwe alitangulia naye, akageuka huku na huku. Alisimama mahali penye miti mikubwa iliyofungamana na mitambaazi, akasema, "Hapa." Akatazama tena. "Au pale." Tulimwacha asimame mpaka alipotosheka. Hakuna aliyepiga picha.

Kabla ya kufunga mahema alisema anataka kuijaribu ile plastiki. Alimkalisha mjukuu wake mbele, yeye akakaa nyuma, magoti yamepinda, na kasia lile la pande mbili akalishika kama la upande mmoja. Maji ya asubuhi yalikuwa hayana mkunjo. Walikwenda kando ya mwambao, mtoto akihesabu, mzee akivuta kwa mgongo, wala hawakukaribia mawe. Mke wangu alisimama karibu nami akiwatazama. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake alisema nami. "Unaona?" alisema. Nikamwambia naona.

Tulipofika Kasenda, binti yangu aliniuliza tutarudi lini. Nilimwambia akamuulize babu yake, kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji.