Nani Anampikia Mzazi Katika Siku 40?



Ndugu zetu katika imani, siku 40 za nifasi tumezoea kuzisoma kama mas-ala ya fiqhi tu: lini mzazi ataoga, lini ataanza kuswali. Tumesahau kuuliza nani anampikia katika siku hizo. Tuwatazame waliotutangulia.

Sayyidna 'Umar bin Al-Khattab (Radhiya Allaahu 'anhu) aliongoza Ummah kuanzia mwaka 13 hadi 23 Hijria (634-644). Wanahistoria wanasimulia kuwa usiku mmoja, akizunguka nje ya Madina, alikuta hema na mtu ameketi mlangoni. Ndani mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa, hana wa kumsaidia. 'Umar alirudi haraka kwa mkewe, Ummu Kulthum bint 'Ali, akamwambia kuwa Allaah amemletea thawabu. Bibi alichukua vitu vya kumhudumia mzazi, naye Khalifa akabeba unga na mafuta mgongoni. Mke akaingia hemani, mume akakoka moto akapika. Mwenye hema hakumjua mpishi wake mpaka Ummu Kulthum alipomwita mumewe kwa cheo chake, ampe mwenzake bishara ya mtoto wa kiume.

Kisa cha pili kinahusu posho ya Baytul-Maal, ambayo mtoto hakupewa mpaka aache ziwa. Usiku mwingine 'Umar na 'Abdur-Rahman bin 'Awf walikuwa wakilinda msafara wa wafanyabiashara. Akasikia mtoto analia, akamwendea mama yake mara tatu. Mama, asijue anazungumza na nani, akasema anamwachisha ziwa mapema kwa sababu 'Umar hawapi posho wanaonyonya. Alfajiri ile Khalifa aliswalisha huku analia, watu wasisikie vizuri kisomo chake. Kisha akatangaza: wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, kila mtoto wa Waislamu atapewa posho tangu kuzaliwa. Ikapangwa dirham 100.

Bibi zetu hawakuwa na Baytul-Maal, lakini walikuwa na arobaini. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akapikiwa uji wa pilipili manga, na majirani wakapokezana kufua na kuchota maji.

Leo mwenzetu anaruhusiwa hospitali asubuhi, jioni yuko jikoni. Mume yuko kazini, mama yake yuko mji mwingine. Sisi tunafika siku ya akika, tunakula pilau, tunaondoka.

Tuirudishe arobaini. Kina mama wa darsa wapange zamu ya kupika na kufua. Waume wasione aibu kushika sufuria, kwani Amiri wa Waumini aliishika. Msikiti utenge sadaka kwa wasio na uwezo. Na mzazi akipata homa, akitokwa damu nyingi, au huzuni ikimkaa siku nyingi, tusiseme atazoea, tumpeleke hospitali.

Allaah Atujaalie tuwe wenye kuhurumiana. Aamiyn.

Wabillaahi Tawfiyq.