Raba Mtoni

Kabla jua halijapanda vizuri, wanawake wa Kiluguru hushuka mlimani kwa njia ya Morningside kuja Morogoro mjini, ndizi na magimbi kichwani. Wengine wako peku, wengine wamevaa ndala zilizolika kisigino au yeboyebo zilizopauka. Wakifika penye maji hutua mizigo, husugua tope la mlimani kwa jiwe, kisha mkono huingia kikapuni na kutoa viatu vya mjini. Nimeliona jambo hilo tangu utotoni. Mlimani mguu ni wa kazi. Mjini mguu hutazamwa.

Miaka ya tisini, sisi vijana wa vijiweni tulikuwa na jina la kiatu tulichokiota usiku: raba mtoni. Mtoni ni ng'ambo, Ulaya au Marekani, kule ambako ndugu wa mtu alikwenda akarudi na mwendo mpya. Hatukuona ajabu kwamba watu wa mji wenye mto wake walikuwa wanautaja mto mwingine wasioufahamu. Mwezi uliopita niliamua kuifuata njia ya raba hizo kwa miguu, mtaa kwa mtaa, nione zilivyotufikia.

Wazee wengi watakwambia zimeletwa na televisheni. Kwamba vijana walikaa mbele ya kioo, wakaona Wamarekani weusi wanaimba wamevaa raba kubwa zisizofungwa kamba, wakaiga. Haitoshi. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na mji huu, ambao wenyewe tunauita mji kasoro bahari, ulikuwa umevaa vya Marekani zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo.

Chini ya milima hii ya Uluguru ilipita njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akaukuta mji wenye ukuta wa mawe ulioanzishwa na mtawala Kisabengo na wakati huo ukitawaliwa na binti yake, Simbamwene. Mabegani mwa wapagazi mlikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Zanzibar na meli za Salem. Kitambaa kiliitwa kwa jina la nchi, kama leo kijana anavyokiita kiatu kwa jina la kampuni. Ilipozuka vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani mwaka 1861, mzigo ukaadimika. Viwanda vya Uingereza na India vikafuma cha kufanana nacho, na mnunuzi akaendelea kukiita merikani. Feki, kwa maana hiyo, si jambo geni njiani hapa.

Na walionunua hawakuwa watu wa kupokea chochote. Ushanga uliopendwa msimu huu kwenye mji mmoja, msimu ujao ulikataliwa. Mwenye msafara aliyefungasha rangi iliyopitwa na wakati alijikuta hana cha kubadilishana na chakula. Huo ulikuwa mtindo, na waliouamua ni wanawake na wanaume wa bara, wakati washona nguo wa Boston hawakujua hata wapo.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, mji ukapata stesheni, maghala ya katani na watu wa kila kabila. Hapo ndipo kiatu chenyewe kinaingia simulizini. Ngoma ya Kiluguru huchezwa peku, vumbi likipanda mpaka magotini. Dansi lilitaka kiatu. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na miaka minne baadaye Salum Abdallah akaunda kundi lililokuja kujulikana kama Cuban Marimba, lililopata mapigo yake kwenye santuri za Kuba. Mji mdogo ukawa na bendi mbili kubwa, kila moja na mashabiki wake, na shabiki hakuingia ukumbini na vumbi la njiani. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe akachomoza na gitaa la Morogoro Jazz, akalipeleka jina la mji wetu hadi maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, kabla naye hajafa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Mji umefiwa mara mbili kwa namna moja, na mimi mpaka leo siwezi kuzisikia santuri zile bila kukumbuka barabara.

Mashabiki wa Mbaraka ndio waliovaa bugaluu, suruali pana chini kama kengele, na raizoni, viatu vya soli nene vilivyomwinua mtu mfupi akawa wa kati. Baba yangu alikuwa na jozi moja ya kahawia. Iliishi chini ya kitanda ndani ya gazeti, ikatoka Jumamosi tu, na ikirudi ilifutwa kwa kitambaa kibichi kabla yeye hajanawa uso.

Tusisahau kwamba mavazi ya mitindo yalikuwa na mashaka yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU jijini Dar es Salaam ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Hoja ilikuwa heshima ya taifa, na walioisimamia waliamini. Lakini hasira iliwaangukia wasichana, waliozomewa na kushambuliwa mitaani kabla hata siku ya marufuku haijafika. Walionewa. Kujitawala kulipaswa kuwa kwao pia.

Kutoka stendi ya Msamvu nilishika njia ya Kihonda, kwenye viwanda. Hapa nilikaa sana, kwa sababu hapa ndipo njia ya raba inapoumiza.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilichukua hisa kubwa katika kampuni ya Bata, na kiwanda chake cha Dar es Salaam kikaja kuitwa Bora. Wanafunzi wa kizazi kizima walikwenda shule na viatu vya Bora. Kisha, miaka ya 1970, likaja wazo kubwa zaidi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: kiwanda cha viatu cha Morogoro. Kilipangwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Soko la ndani lingetoshelezwa, na robo tatu ya mali ingepanda meli kwenda Ulaya. Rudia hesabu hiyo polepole. Watoto wa London na Roma wangetembea juu ya viatu vilivyoshonwa chini ya Uluguru.

Mashine zilikuja, za kisasa kabisa. Jengo likasimama na kuta za alumini, katika mji ambao joto lake la Desemba hulijui mpaka umelilalia, na halikuwekewa njia ya kupitisha hewa. Ngozi ilitakiwa itoke kwa ng'ombe wetu, nasi ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi zaidi. Ila ng'ombe wetu hupigwa chapa ya moto ubavuni, hukwaruzwa na miiba, hung'atwa na kupe, na mchunaji mwenye haraka hutoboa kwa kisu kile kilichobaki kizima. Ngozi ya namna hiyo hutengeneza mkanda. Kutengeneza kiatu cha dirishani Ulaya ni kazi nyingine. Na baada ya vita ya Kagera na bei ya mafuta kupanda, nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununua vipuri. Kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Mwaka 1990 kilizimwa.

Mwanauchumi William Easterly amekitaja kiwanda hiki kama mfano wa mashine zisizozaa maendeleo zenyewe, na sasa wanafunzi wa uchumi sehemu nyingi za dunia huisoma Morogoro kwa ajili ya jambo hilo tu. Hoja yake naikubali. Kinachonisumbua ni kwamba katika mifano hiyo hawaonekani vijana waliojifunza kukata ngozi na kushona soli, wakasubiri mali ghafi isiyofika. Kushindwa kwa kiwanda hakukuwa kushindwa kwa mikono yao.

Sasa sikiliza lililokuwa likitokea upande wa pili wa mji, miaka ileile.

Mazimbu lilikuwa shamba la katani lililoachwa. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ardhi hiyo wapigania uhuru wa ANC, waliokuwa wakipokea vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Marafiki wa harakati hizo Ulaya walituma vitabu, dawa, na makasha ya nguo na viatu. Sehemu ya mali hiyo ilivuka uzio. Mwanafunzi asiye na shilingi mfukoni aliuza jaketi au raba kwa jirani wa Morogoro, na uongozi ulijaribu kuzuia bila kufaulu sana. Hayakuwa makosa makubwa kwa mtoto aliyeacha mama yake Soweto.

Vijana hao walikuja pia na macho yao. Katika vitongoji vya Johannesburg, mapantsula, vijana wa mitindo wa huko, walikuwa wameifanya Converse All Star kuwa kiatu cha heshima: raba ya turubai iliyotengenezwa Marekani mwaka 1917 kwa ajili ya mpira wa kikapu, ikageuzwa ya kuchezea dansi la mtaani, soli yake bapa ikipiga sakafu. Kaka yangu mkubwa alipata jozi yake ya kwanza kwa mwanafunzi wa Mazimbu. Hakuwa amewahi kumwona Mmarekani. Kwake All Star ilikuwa kiatu cha Soweto, kiatu cha watu waliokuwa wanapigania nchi yao, na aliivaa kwa adabu hiyo.

Kwa hiyo Kihonda mashine zinapata kutu zikingoja kuivisha Ulaya, na Mazimbu, mwendo wa dakika chache kwa gari, viatu vya Ulaya vinaingia kwa makasha. ANC waliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania mwaka 1992, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nilipita jioni ya Ijumaa wanafunzi wakitoka madarasani. Niliangalia miguu. Karibu wote raba.

Mlango mkubwa ulifunguliwa katikati ya miaka ya themanini. Mwaka 1983 nchi ilikuwa katika msako wa wahujumu uchumi, duka likiwa na rafu tupu na mwenye sabuni kumi nyumbani akitetemeka. Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyeongoza msako huo, alifariki kwa ajali karibu na Dakawa, mkoani kwetu, tarehe 12 Aprili 1984. Bajeti ya mwaka huohuo iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na Rais Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 mitumba ikaanza kufurika. Mwanzoni tuliiita kafa Ulaya, tukiamini wenyewe wamezikwa. Hofu hiyo haikudumu. Belo lilipofunguliwa, mtu alikimbilia raba kabla ya shati.

Kuna ufundi kwenye meza za raba ambao hausifiwi inavyostahili. Muuzaji huziloweka kidogo tu, maana maji mengi hulegeza gundi. Husugua kwa mswaki na sabuni ya unga, kingo nyeupe huzing'arisha kwa dawa ya meno, ndani hushindilia magazeti kiatu kisinyong'onyee, kisha huanika kivulini. Kamba hufuliwa peke yake. Kiatu kilichotupwa Hamburg hupandishwa mezani kikiwa na sura ya kuanza maisha. Ndivyo walivyopata raba zao vijana wa hip hop wa miaka ya tisini na baadaye, kizazi kilichomtoa Afande Sele, mwana wa Morogoro aliyetwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vifufuke. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na nafasi yetu ya kuuza kule bila ushuru ikawekwa mezani. Tanzania, Kenya na Uganda zililegeza. Rwanda ilikaza, na Julai 2018 ikasimamishwa kuuza nguo zake kwa msamaha huo. Ninaifikiria Kihonda kila nikikumbuka kisa hicho. Ninawafikiria pia wale wanaosugua raba kwa mswaki, na siwezi kusema kwa wepesi nani angepaswa kuachia.

Nilimalizia kwa fundi viatu anayekaa chini ya mwembe, si mbali na soko kuu. Mbele yake palikuwa na raba ya kijana wa Mgeta, mtu wa kabichi na karoti anayepanda na kushuka tope la mlimani kila wiki. Juu kiatu kilikuwa kizima, cheupe, alama ya kampuni ikisomeka; chini soli ilikuwa imelika mpaka soksi inaonekana. Fundi alichukua kipande cha tairi kuukuu, lile linalotengenezewa katambuga, akakipima kwa jicho, akachora kwa chaki, akakikata kwa kisu alichokuwa akikichovya majini ili kiteleze. Akapaka gundi pande zote mbili, akangoja ikauke kidogo, akabana. Halafu akachukua msumari wa kushonea na uzi wa nailoni, akaanza kuzunguka, tundu kwa tundu, kutokea kisiginoni. Mwenye kiatu alikuwa amekaa kwenye ndoo, mguu mmoja umevaa na mwingine peku, akimwuliza kama kitakuwa tayari kabla gari la saa kumi halijaondoka.