Wagika na Wagalu: Umuundo Katika Ngoma za Usukuma

Mavuno yakishaingia ghalani, uwanja mmoja wa Usukuma, uwe wa Kishapu au kwingineko, huchezewa ngoma mbili kwa wakati mmoja. Upande huu Wagika, upande ule Wagalu. Hakuna mwamuzi wa kutoa alama. Watazamaji wenyewe huhama, na kundi lizungukwalo na umati mkubwa zaidi ndilo mshindi. Mapokeo yasema kwamba vyama hivi vilitokana na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mafundi wa ngoma na wa dawa pia.

Claude Lévi-Strauss wa Ufaransa angefurahi mno kuuona uwanja huo. Katika kitabu chake cha 1958 juu ya anthropolojia ya umuundo alishikilia kwamba kipengele cha utamaduni hakina maana kikiwa peke yake. Maana huzaliwa na uhusiano wake na kilicho kinyume chake, kama Ferdinand de Saussure alivyofundisha kuhusu lugha. (Umuundo wa saikolojia ya Titchener, uliochambua fahamu katika hisi ndogo ndogo, ni jambo jingine lenye jina lilo hilo.) Hoja hiyo haimshangazi Msukuma. Jina lake ni la dira: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Mtu wa Kishapu aweza kuitwa Mdakama na aliye kaskazini yake, naye akamwita vivyo hivyo aliye kusini zaidi.

Hata hivyo, sisi twasita. Mwaka 1983 Serge Tcherkézoff alitoa kitabu kuhusu mfalme wa Wanyamwezi, ndugu wa Wasukuma, na mkono wa kulia na wa kushoto. Alionya kwamba pande mbili hazilingani kama sahani za mizani: zimo ndani ya jambo zima, na upande utanguliao hapa waweza kufuata pale. Onyo ni zuri, ila halitoshi. Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, Wagika na Wagalu wakabaki. Jedwali la vinyume halituelezi kwa nini. Utemi ulikuwa na kiti cha kuondolewa. Ngoma haikuwa nacho. Tena ngoma ilishikamana na jembe, kwa kuwa vijana walilima pamoja mashamba ya pamba na mtama huku wakiimba.

Na aliyeshindwa uwanjani hufunga ngoma zake, akarudi kwao kutunga wimbo wa mwaka ujao.