Herufi Zisizotamkwa katika Kiingereza

Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili, ambamo herufi iandikwayo hutamkwa, asomapo neno knife huitamka ile k, nasi twamkemea. Lakini Waingereza wenyewe waliitamka zamani. William Caxton alipoanza kupiga chapa vitabu Westminster mwaka 1476, k hiyo ilikuwa ingali vinywani mwao. Katika karne ya 17 ikaanza kunyamaza, na vitabu vikaishika. Basi mtoto huyu, kwa k hiyo, asoma kama wazee wao.

B ya debt ni habari nyingine. Neno lilitoka katika Kifaransa, dette, bila b. Wataalamu waliitia baadaye kwa kuiga Kilatini, debitum. Shakespeare, katika mchezo uliopigwa chapa mwaka 1598, amtania mtu ashikiliaye kwamba b hiyo itamkwe. Mtu huyo ni mwalimu.