Maili Katika Daftari: Tarehe ya Thawabu za Wasafiri wa Ndege

Katika masoko ya pwani muuzaji akimpimia mnunuzi kibaba cha mchele huongeza konzi moja juu yake, na konzi hiyo huitwa nyongeza. Haimo katika bei wala haidaiwi kwa sheria. Lakini mnunuzi aliyezoea kuipata hununa akiikosa, na siku ya pili hupitia kwa muuzaji mwingine. Nyongeza ni kitu kidogo chenye kazi kubwa: yamfunga mnunuzi kwa muuzaji bila ya kamba. Tarehe ya thawabu ambazo mashirika ya ndege huwapa wasafiri wao ni tarehe ya nyongeza iliyotoka sokoni ikapanda angani. Nayo yastahili kuchunguzwa, kwa sababu jambo lililoanza kama konzi ya mchele lilifika mahali ambapo konzi ilithaminiwa kuliko ghala.

Nchini Marekani desturi hiyo ilipewa utaratibu mapema. Mwaka 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuwauzia wenye maduka stempu za kijani. Mwenye duka alimpa kila mnunuzi stempu kwa kadiri ya fedha alizotumia; mnunuzi akazibandika katika kijitabu, na vijitabu vilipojaa akavipeleka kubadilishwa kwa vyombo vya nyumbani. Hekima ya biashara hiyo haikuwa katika vyombo. Ilikuwa katika kijitabu kisichojaa bado, maana kurasa tupu humwita mtu arudi dukani kuliko tangazo lo lote. Haba na haba hujaza kibaba. Bali mwenye duka alitambua kwamba kibaba kilichofika nusu humshughulisha mtu zaidi ya kibaba kilichojaa.

Mashirika ya ndege ya nchi hiyo hayakuhitaji kijitabu cha namna hiyo kwa muda mrefu, kwani hayakuwa na ruhusa ya kushindana kwa bei. Tangu 1938 baraza la serikali lililoitwa baadaye Civil Aeronautics Board liliamua ni kampuni ipi iruke njia ipi baina ya majimbo, na nauli iwe kiasi gani. Nauli zikiwa sawa, kampuni zilishindana kwa mambo mengine: chakula kizuri, nafasi ya kunyosha miguu, hata kinanda ndani ya ndege kubwa za American Airlines katika miaka ya 1970. Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa mamlaka hayo hatua kwa hatua, na baraza lenyewe likafungwa mwisho wa 1984. Kampuni mpya zikaingia na nauli za chini. Msafiri aliyekuwa akichagua ndege kwa saa yake ya kuondoka akaanza kuichagua kwa bei, na uaminifu wake kwa kampuni moja ukawa mwepesi kama jani kavu.

Ndipo kampuni kubwa zilipojiuliza swali lililo jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mteja wao hasa ni nani? Duka humjua mteja wake kwa uso. Ndege hubeba maelfu ya nyuso, na kesho huzisahau. Jibu lilikutwa katika kompyuta. Mtambo wa SABRE, ambao American Airlines iliujenga pamoja na IBM na ukakamilika 1964, ulikuwa ukihifadhi maombi ya viti. Watumishi wa kampuni, ambayo Robert Crandall alikuwa mmoja wa wakuu wake, walipekua kumbukumbu hizo wakitafuta nambari za simu zilizojirudia. Nambari iliyotokea mara nyingi yamkini ilikuwa ya mtu asafiriye sana. Watu hao wakaandikiwa barua, na tarehe 1 Mei 1981 mpango wa AAdvantage ukatangazwa. Texas International ilikuwa imejaribu jambo la jinsi hiyo 1979, lakini jaribio lake halikuvuma. United ilimfuata mshindani wake baada ya siku chache tu, na Delta ikaingia katika mwaka ule ule.

Yafaa kuangaliwa kwa makini yale aliyopata mwanachama wa kawaida, asiye na cheo. Kwanza, hakutoa kiingilio. Pili, alipewa nambari, na kwa nambari hiyo akatoka katika umati wa abiria akawa mtu mwenye jina. Tatu, kila maili aliyoruka iliandikwa katika hesabu yake, na akitimiza idadi iliyotajwa aliweza kuhamishiwa kiti kilicho bora au kupata tiketi bila ya kulipa nauli. Nne, alikuwa na kumbukumbu ya safari zake, aliyoweza kuitegemea kudai maili ambazo hazikuandikwa. Faida hizi si kubwa zikitazamwa moja moja. Thamani yake ilitoka katika mkusanyiko, na mkusanyiko wataka subira: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Msomaji aweza kuuliza kampuni zilitoa wapi ukarimu huo. Asili yake ni mbili. Asili ya kwanza ni kiti kitupu. Chungwa lisilouzwa leo laweza kuuzwa kesho. Kiti cha ndege kisichouzwa hufa saa ndege iachapo ardhi. Kumpa mwanachama kiti ambacho kingeruka kitupu hakukuigharimu kampuni ila chakula kidogo na mafuta kidogo. Asili ya pili haikutajwa kwa sauti kubwa. Wasafiri wengi wa kazi hawakujilipia nauli wenyewe; nauli ililipwa na mwajiri, lakini maili ziliandikwa kwa jina la mwajiriwa. Aliyechagua ndege siye aliyetoa fedha, na aliyetoa fedha siye aliyepokea nyongeza. Katika mwanya huo mpango mzima ulipata nguvu.

Haikuchukua muda wanachama wakagawanywa. Aliyeruka sana alipewa cheo chenye jina la madini ya thamani, na pamoja nacho ukumbi wa kungojea, nafasi ya mbele katika mstari, na mzigo wa ziada. Mwanachama wa chini alibaki na daftari lake. Umbali baina ya wawili hao waonekana katika kanuni ambazo Delta ilianza kuzitumia 1 Januari 2015, ambapo maili ziliacha kuhesabiwa kwa urefu wa safari zikahesabiwa kwa fedha zilizolipwa. Mwanachama wa kawaida aliandikiwa maili 5 kwa kila dola. Mwenye cheo cha juu kabisa aliandikiwa 11. United ilifuata mwaka huo huo, na American 2016. Neno maili likabaki, bali maana yake ikaondoka: halikupima tena njia, lilipima mfuko. Tangu mwisho wa 2021 Delta ilikwenda mbele zaidi, ikaacha kabisa kutoa maili kwa wanunuzi wa tiketi zake za bei ya chini kuliko zote.

Wakati huo maili zilikuwa zimekwisha kutoka ndani ya ndege. Mwaka 1987 benki ya Citibank na American Airlines zilitoa kadi ya mkopo iliyomwandikia mwenye kadi maili kwa kila dola aliyotumia, akinunua viatu au dawa. Benki ilizinunua maili hizo kwa fedha taslimu. Toka hapo kampuni ya ndege ilikuwa na bidhaa mbili: kiti, ambacho chahitaji rubani na mafuta, na maili, ambayo yahitaji mstari mmoja tu wa maandishi. Maili zikaingia hata katika vyakula. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California alifanya hesabu za tangazo la biashara, akanunua vikombe zaidi ya 12,000 vya pudini kwa dola elfu tatu na zaidi kidogo, akapata maili zaidi ya milioni moja. Wengi walimcheka; wenye busara walitazama hesabu yake wakanyamaza.

Faida ya mwanachama wa chini iliongezeka kwa upana zilipoungana kampuni za nchi mbalimbali. Tarehe 14 Mei 1997 Air Canada, Lufthansa, SAS, Thai na United zilianzisha Star Alliance. Oneworld ilifuata 1999, na SkyTeam 2000. Maili zilizochumwa katika ndege ya taifa moja ziliweza kutumiwa katika ndege ya taifa jingine. Afrika ya Mashariki nayo iliguswa na jambo hili. KLM ilinunua asilimia 26 ya hisa za Kenya Airways 1996, na baada ya Air France na KLM kuunganisha mipango yao 2005 kwa jina la Flying Blue, msafiri wa Nairobi aliyeruka na Kenya Airways aliandikiwa maili zake katika daftari lililotunzwa Ulaya. Alipata milango mingi kwa ufunguo mmoja. Lakini ufunguo ulichongwa na mwingine.

Hapo pakazuka swali la haki: maili ni za nani? Ujerumani ililijibu kwa fedheha. Katika kiangazi cha 2002 ilifichuliwa kwamba wabunge walikuwa wametumia kwa safari zao wenyewe maili walizozichuma kwa safari za kazi, zilizolipwa na umma. Cem Özdemir aliacha wadhifa wake, na Gregor Gysi akajiuzulu katika serikali ya jimbo la Berlin. Marekani ililijibu swali lile lile kinyume: sheria iliyopitishwa mwisho wa 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kujiwekea maili za safari za kazi, na 2002 wakusanya kodi wakatangaza kwamba hawatazifuatia maili za namna hiyo. Norway ilishika njia ya tatu, ikakataza kwa miaka kadhaa, hata 2013, kuchuma maili katika safari za ndani ya nchi, ili kampuni ndogo zisisongwe na kubwa. Nchi tatu zilikitazama kitu kimoja: moja ikaona amana, moja ikaona zawadi, moja ikaona mtego.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi: kampuni iliyoahidi yaweza kubadili ahadi yake? Mwaka 1988 American Airlines iliweka mipaka mipya, viti vichache kwa wenye maili na siku zisizoruhusiwa, na mipaka hiyo ikazigusa hata maili zilizokwisha kuchumwa. Wanachama walishtaki. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 1995 kwamba sheria za majimbo za kuwalinda wanunuzi haziwezi kutumika juu ya jambo hilo, kwa sababu ya ile sheria ya 1978. Lakini mwanachama aweza kudai kwamba mkataba umevunjwa. Mlango ukabaki wazi kidogo. Mwaka 2014 ukapunguzwa tena. Rabi mmoja aliyekuwa na cheo cha juu katika mpango wa Northwest alikuwa ameondolewa 2008, kampuni ikisema amelalamika kupita kiasi. Alidai kwamba hakutendewa kwa nia njema. Mahakama ile ile, kwa kauli moja, ilimkatalia: mkataba uliipa kampuni uhuru wa kuamua, na mahakama isingeweza kuongeza wajibu ambao haukuandikwa. Waswahili husema ahadi ni deni. Katika daftari la maili, ahadi ni deni ambalo mdaiwa amejiwekea haki ya kulipima.

Yaliyotokea baadaye yalionyesha uzito wa daftari hilo. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga ndege chini, kampuni zilikwenda kukopa. Dhamana iliyowavuta wakopeshaji haikuwa ndege, kwa maana ndege zilikuwa zimelala bila ya kazi. Ilikuwa orodha ya wanachama. United iliweka rehani mpango wake ikapata dola milioni 6,800. Delta ilipata dola milioni 9,000 kwa njia hiyo hiyo, na American milioni 10,000 mwaka 2021. United ilitaja thamani ya mpango wake kuwa karibu na dola milioni 22,000, kiasi kilichozidi bei ya hisa zake zote sokoni wakati ule. Wanachama wa kawaida, wenye maili elfu mbili hapa na elfu tano pale, walikuwa wamefanyizwa kuwa rehani bila ya kujua. Konzi ya mchele ilikuwa imethaminiwa kuliko ghala.

Tarehe hii yafundisha nini juu ya faida za mwanachama wa chini? Si haki kuzibeza. Kujiandikisha hakumgharimu fedha. Hesabu yake hukua kila asafiripo. Na kampuni nyingine zimemwongezea wema, kama vile Delta ilivyoondoa kikomo cha umri wa maili 2011, na United 2019. Mtu asafiriye mara moja kwa mwaka hapotewi na kitu kwa kuandika jina lake. Wala si haki kuzikuza. Maili si akiba, maana akiba haitungiwi kanuni na mwingine baada ya kuwekwa. Mwaka 2015 Delta iliiondoa jedwali iliyoonyesha safari fulani yahitaji maili ngapi. Tangu siku hiyo mwanachama wake akawa na fedha asiyojua itanunua nini kesho.

Basi mwenye busara huzipokea maili kama mnunuzi apokeavyo nyongeza: kwa shukrani, na bila ya kuzitegemea. Huzitumia mapema, kwa kuwa umri haujawahi kuziongezea thamani. Hachagui njia ndefu wala nauli kubwa kwa ajili yake, maana afanyaye hivyo amelipa kibaba ili apewe konzi. Naye hukumbuka kwamba katika biashara hii jina lake na desturi zake vimeandikwa na kuuzwa, na kwamba hiyo ndiyo nauli ya kujiunga, ijapokuwa haikuandikwa katika tiketi.